Unga wa Kushikia Bomba

Ndugu msomaji, ukisikia neno chaki unaona nini? Mimi mpaka namaliza kidato cha nne niliona kitu kimoja tu: kipande cheupe mkononi mwa mwalimu, na vumbi linalowadondokea wale wa dawati la mbele. Sikujua kwamba kuna chaki ya ubaoni na kuna chaki ya mikononi, na kwamba hizi mbili hata si ndugu. Kwa kutojua huko rafiki yangu alivunjika mkono. Ndiyo maana nimekaa kuandika historia badala ya hadithi, ingawa hadithi ndiyo kazi ninayoitamani.

Tulikuwa vijana kumi na mmoja, tukifanya mazoezi ya viungo katika ukumbi mmoja hapa mjini Moshi. Mwalimu wetu alikuwa mtu wa sarakasi tangu ujana wake. Fundi wa kuchomelea alitusimamishia nguzo mbili na kulaza bomba juu yake, chini tukatandika magodoro yaliyokwisha kukata tamaa. Jimnastiki ya bomba tulikuwa tumeiona kwenye televisheni tu. Tuliona jinsi wale jamaa wa Olimpiki wanavyotumbukiza mikono kwenye bakuli la unga mweupe, wakapiga makofi, wingu likatoka, ndipo wakaruka. Mwalimu akasema, "Basi wanangu, tafuteni chaki." Tukachanga shilingi elfu mbili mbili. Nikakabidhiwa mimi, kwa kuwa nilikuwa katibu, na nilikuwa katibu kwa kuwa nina mwandiko mzuri.

Nilinunua pakiti za chaki za shule. Mama alipoteremka gulioni Kiboriloni nilizitwanga kwenye kinu chake. (Jioni aliuliza nani katwanga muhogo mle bila kuosha kinu. Nikanyamaza.) Chenji ilibaki nyingi. Nilinunua daftari nne kubwa za kaunta na kalamu, nikaanza riwaya. Hilo sikumwambia mtu.

Siku ya tatu, mchana wa joto la Januari, rafiki yangu alikuwa anabembea kwenye bomba. Viganja vilikuwa vimelowa jasho, akajipaka unga wangu, akajipaka tena. Ule unga ukachanganyika na jasho ukawa uji. Alipofika juu mikono ikaachia. Aliangukia nje ya godoro. Sauti ya kifundo cha mkono kuvunjika ni ndogo kuliko unavyodhani, kama kijiti kikavu cha mkahawa. Hospitali walimfunga hogo mpaka kwenye kiwiko. Aliniuliza jambo moja tu: "Ule unga ulinunua wapi?" Nikamjibu, "Dukani."

Hapo ndipo nilipoanza kusoma.

Kwanza, tuyatenganishe mawe, maana yote ni meupe na weupe ndio uliotuponza. Yapo matatu. Kuna chokaa ya asili, yaani kaboneti ya kalisi, ndiyo chaki yenyewe kwa maana ya zamani: ile miamba laini iliyotokana na maganda ya viumbe wadogo wa baharini, kama magenge meupe ya Dover kule Uingereza. Kuna jasi, ambayo mafundi wa dari wanaiita jipsamu, nayo ni salfeti ya kalisi yenye maji ndani yake. Na kuna kaboneti ya magnesi. Chaki nyingi za shule hutengenezwa kwa jasi: inapashwa moto ipoteze sehemu ya maji yake, inasagwa, inakorogwa na maji na kumiminwa kwenye vitundu vya kalibu, ikaganda. Kiwanda cha Maswa, mkoani Simiyu, kinatengeneza chaki za shule hapa hapa nchini. Unga wa mikononi ni ule wa tatu, wa magnesi. Waingereza na Wamarekani waliupa jina la chaki kwa uvivu tu, kwa sababu unafanana. Sisi tukapokea jina bila kupokea kitu.

Sasa sikia jambo lililoninyima usingizi. Lile hogo la rafiki yangu lilikuwa la jasi. Plasta ya hospitali, ile inayoitwa ya Paris kwa sababu jasi nyingi ilichimbwa kwenye vilima vya Montmartre, ni jasi iliyopashwa moto. Bandeji ya plasta iliyoenea duniani ilibuniwa na daktari wa jeshi la Uholanzi, Antonius Mathijsen, mwanzoni mwa miaka ya 1850. Kwa hiyo jiwe lililomwangusha ndilo lililomfunga mkono, kwanza nikiwa mimi mpakaji, pili akiwa daktari. Katika riwaya ningeogopa kuandika hivyo, mhariri angesema nimezidisha. Lakini ndivyo ilivyokuwa.

Unga wa magnesi una ukoo wake. Jina linatokana na Magnesia, eneo la Thesalia huko Ugiriki. Kabla haujafika kwenye viganja ulikaa muda mrefu kwenye maduka ya dawa. Ulaya ya miaka ya 1700 iliuita magnesia nyeupe na kuunywa kwa kiungulia na kufunga choo. Mskoti Joseph Black aliuchunguza kwa ajili ya shahada yake ya udaktari, na katika maandishi yake ya 1756 alionyesha kwamba ukiuchoma unatoa hewa ya aina nyingine kabisa, ambayo leo tunaiita kaboni dioksidi. Yaani sayansi ya gesi ilifunguliwa na unga huu huu wa wanasarakasi, ingawa mwenyewe alikuwa anatafuta dawa ya tumbo.

Kazi ya Black inatuhusu kwa sababu ya neno hili: kuchoma. Unga mzuri wa mikononi hautwangwi kutoka kwenye jiwe. Unazaliwa upya ndani ya maji. Hugh Lee Pattinson, Mwingereza, alipata hataza mwaka 1841 ya kutengeneza magnesia kutoka kwenye jiwe la dolomaiti: jiwe linachomwa, linakorogwa na maji, gesi ile ile ya Black inasukumizwa ndani kwa nguvu mpaka magnesi iyeyuke, uchafu unachujwa, halafu maji yanapashwa moto na unga unatua chini ukiwa mwepesi kama povu. Wepesi huo ndio siri yote. Ndani ya chembe zake kuna nafasi, na jasho linaingia kwenye nafasi hizo badala ya kukaa juu ya ngozi. Jasi haina tabia hiyo. Tena huyeyuka kidogo, kama gramu mbili katika lita moja ya maji, na unga wake ukilowa unateleza. Nilipoisoma hiyo hesabu ya gramu mbili niliifunga kamusi kwanza nikatoka nje.

Na mabomba je, yalitoka wapi? Mjerumani Friedrich Ludwig Jahn alifungua uwanja wa mazoezi Hasenheide, Berlin, mwaka 1811, nchi yake ilipokuwa chini ya miguu ya Napoleon. Huko ndiko vifaa vya kuning'inia na kujipandisha vilipopata umaarufu, vikaenea shuleni na jeshini kote kwenye nchi za Kijerumani. Shirikisho la kimataifa la jimnastiki likaundwa 1881, na michezo hiyo ilikuwemo kwenye Olimpiki ya Athens ya 1896. Shule za Austria nazo zilikuwa na walimu wa jimnastiki walioajiriwa rasmi.

Mmoja wa walimu hao ulishaliona jina lake kama umewahi kusoma chochote juu ya mlima wetu. Ni Ludwig Purtscheller, mwalimu wa mazoezi ya viungo katika mji wa Salzburg. Shuleni tuliimbishwa kwamba Hans Meyer alifika kilele cha Kibo tarehe 6 Oktoba 1889. Kweli. Lakini Meyer alikuwa tajiri mwana wa mchapaji vitabu, na alishashindwa 1887. Safari hii alimchukua mtu mwenye mikono. Walipita Marangu, kwa Mangi Marealle. Mzee Yohani Kinyala Lauwo anakumbukwa na watu wa Marangu kama kijana aliyewaonyesha njia. Mwinyi Amani, mtu wa Pangani, ndiye aliyebaki akilinda kambi yao ya juu katika baridi ile wakati Wazungu wawili wanachonga ngazi kwenye barafu kwa shoka. Baada ya Kibo walijaribu na Mawenzi zaidi ya mara moja, na kilele chake cha juu kikawakatalia, kwa sababu mawe yake yanamomonyoka ukiyashika. Kilipandwa 1912 na Eduard Oehler na Fritz Klute. Ncha moja ya Mawenzi bado inaitwa Purtscheller.

Sisemi kwamba mwalimu yule alipanda na kopo la magnesia. Ninachosema ni kwamba mtu wa kwanza kufundisha jimnastiki aliyesimama juu ya vichwa vyetu alisimama miaka zaidi ya mia moja iliyopita, na somo lake halikuteremka nasi mpaka mjini. Huyo bwana naye aliangushwa. Mwaka 1899 alianguka kwenye mlima wa Dru, Ufaransa, akaumia vibaya, na mwaka uliofuata akafia Bern.

Kwetu yaliyoota mizizi ni mazoezi ya namna nyingine. Baada ya uhuru serikali ilipeleka vijana China kujifunza sarakasi, na waliporudi mwishoni mwa miaka ya 1960 kikaundwa kikundi cha sarakasi cha taifa. Vikundi vya taifa vilipovunjwa, sanaa hizo zikahamia Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanza 1981. Kutoka hapo zikasambaa mitaani, zikafika kwa watu kama mwalimu wetu. Halaiki nayo, msomaji unaijua: mamia ya watoto uwanjani siku ya sherehe, wanajipanga, wanapanda mabegani, wanaandika maneno kwa miili yao. Ni mazoezi ya kweli, asikudharaulie mtu. Lakini angalia mikono inashika nini. Inashika mkono wa mwenzako, bega la mwenzako, nyasi. Haishiki chuma. Ngozi kwa ngozi haihitaji magnesi, kama ni jasho unafuta kwenye kaptula. Kwa hiyo mwalimu wetu aliyejua kujenga mnara wa watu saba hakuwa na sababu ya kujua unga, na simlaumu hata chembe.

Katika kusoma nikakuta jambo jingine, nikalirudia mara tatu. Wataalamu wa miamba wanaandika kwamba Tanzania ina magnesaiti, yaani jiwe la kaboneti ya magnesi, na mahali wanapopataja ni Chambogo. Chambogo wilaya gani? Same. Mkoa gani? Kilimanjaro, mkoa wetu huu huu! Na jasi ya Makanya, inayokwenda kwenye viwanda vya saruji, iko wilaya hiyo hiyo ya Same. Mawe mawili, moja la kumshika mtu na moja la kumwangusha, wilaya moja.

Nikapanda basi. Kutoka Moshi mpaka Same ni kama kilomita 100. Unapita Himo, unapita Mwanga, kijani cha migomba kinakuacha, unaingia kwenye mikonge na ukame, milima ya Upare ikiwa kushoto kwako. Nilielekezwa kwa mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi ya kuponda mawe hayo. Nilimkuta barazani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umetoka Moshi kufuata mawe? Huko kwenu hamna?"

Nikamweleza habari ya bomba na ya unga. Alicheka kidogo, akaingia ndani, akatoka na jiwe la ukubwa wa ngumi. Jeupe, gumu, limejipinda kama ubongo wa mbuzi. Nikalipokea kwa mikono miwili nikashtuka kwa uzito.

"Hilo wanachomea matofali ya matanuri," alisema. "Hayayeyuki kwa moto. Unataka kulisaga?"

"Ndiyo, mzee."

"Ukisaga utapata mchanga. Kuna vipande vya mawe mengine humo ndani, vikali. Utawachubua wenzako."

Alikuwa sahihi. Kati ya yale mawe matatu, magnesaiti ndilo zito kupita yote, na bado linatoa unga mwepesi kupita yote. Lakini katikati kuna tanuri la nyuzi kama 700, ambamo jiwe linapoteza zaidi ya nusu ya uzito wake kwa kutoa gesi, na kuna matangi ya Pattinson. Nilikuwa nimeshapiga hesabu ndani ya basi: kiwanda kidogo, mimi katibu, unga wa Same kwenye viganja vya Afrika Mashariki yote. Ndoto ikaishia barazani. Sehemu kubwa ya unga unaouzwa duniani asili yake ni China, mkoa wa Liaoning, ambako magnesaiti ni nyingi kupindukia na matanuri yapo. Hapa tuna jiwe, na jiwe peke yake halijawa unga. Mzee alinipa lile jiwe nikarudi nalo. Liko mezani hapa, nalalishia karatasi.

Basi kama nawe uko kwenye kikundi na umepewa michango ya wenzako, nakuambia nilivyojifunza kuchagua. Usianze kwa macho, macho yote yataona nyeupe. Anza kwa mkono: pima uzito. Kopo lile lile ukilijaza unga wa magnesi mzuri na ukilijaza chaki iliyotwangwa, la magnesi utadhani ni tupu. Unauzwa mara nyingi kwa vipande vya mraba vya gramu 56 hivi, vinane kwenye boksi, na kipande kizuri kinavunjika kwa vidole bila kelele. Sugua kati ya kidole gumba na cha shahada. Ukisikia mchanga, rudisha. Ukisikia utelezi kama wa poda ya mtoto, rudisha pia, huo wamechanganya kitu. Mzuri unakausha papo hapo, unakuwa kama unakung'ata kidogo. Kisha dondoshea siki au ndimu: jasi itanyamaza, kaboneti itatoa mapovu. Angalia, chokaa nayo inatoa mapovu, kwa hiyo siki inaikamata jasi peke yake. Chokaa utaikamata kwa uzito. Ukiona umetiwa rangi au manukato, unalipia rangi na manukato. Kuna wanaochanganya utomvu wa msonobari ili unate. Hiyo kwa bomba hapana, inabaki kwenye chuma na kumsubiri mwenzako.

Halafu usijipake kama unapaka ukuta. Wapanda miamba waliuchukua unga huu kwa wanajimnastiki. Mmarekani John Gill, aliyekuwa mwanahisabati na mwanajimnastiki, ndiye aliyeupeleka kwenye miamba miaka ya 1950. Mwaka 2001 watafiti wa Chuo Kikuu cha Birmingham waliupima mikononi mwa watu na kukuta unapunguza msuguano badala ya kuuongeza. Wapandaji wakakasirika. Wengine waliopima baadaye, kwa njia tofauti, wakakuta unasaidia. Ninavyowaelewa, kinachogomba ni wingi: jasho likishakauka, unga unaozidi unakuwa tabaka la vumbi katikati ya ngozi na kitu, na juu ya vumbi mtu huteleza. Paka, piga makofi, kung'uta. Lile wingu tuliloliona kwenye televisheni ni unga usiotakiwa unaondoka. Na fungua madirisha, maana mnaouvuta ni nyinyi.

Ilinichukua miezi mitano kupata pesa, nikipakia ndizi asubuhi sokoni. Boksi moja la kweli liliagizwa kupitia mtu wa Dar es Salaam. Nilililipia peke yangu. Nikalijaribu nyumbani kwa ndimu, likatoa mapovu. Nikalipima kwenye mzani wa mangi wa duka la jirani, akaniuliza kama ni unga wa keki.

Rafiki yangu mkono wake umepona lakini haukunjiki mpaka mwisho. Habembei tena. Anafundisha watoto wadogo kubiringita, na ndiye anayekaa chini ya bomba kudaka wengine. Nilimkuta ukumbini anakunja magodoro. Akafungua boksi, akavunja kona ya kipande, akasugua kwa mkono wa kushoto, halafu kwa ule wa kulia.

"Huu mwepesi," akasema.

"Ndiyo wenyewe."

Akaliweka kabatini, akafunga kufuli, funguo akatia mfukoni. Kisha akanigeukia.

"Na ile chenji ya kwanza?"

Nilikuwa nayo, nimeibeba siku zote hizo kwenye bahasha. Nikamhesabia.